Nani Aliyemtuma Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipelekwa vitani na watu ambao mpaka leo hawajakubali kwamba ile ilikuwa vita. Waliiita kulinda amani. Mimi, dada yake, ni fundi cherehani, sina ugomvi na mtu anavyokiita kitu chake. Mteja akija na kitenge akasema anataka suti, namshonea anachotaka na siku zinakwenda. Lakini safari ile, kwa kuwa haikuitwa vita, kuna watu hawakulazimika kuulizwa, na katika nyumba yetu pale Mirongo jambo hilo lilituchoma sote, kila mtu kwa mahali pake.

Baba yetu alikuwa mwalimu wa uraia. Amestaafu, ila mwalimu wa uraia hastaafu, anabadilisha darasa tu, na darasa lake jipya likawa sisi. Alizaliwa Kagera, kwenye migomba na kahawa, akaletwa Mwanza na kazi, akamuoa mama yangu, Msukuma wa Magu aliyekulia kwenye mashamba ya pamba. Bunge likianza kukaa, baba alikuwa anaoga asubuhi, anavaa shati la kola na kukaa mbele ya televisheni kama vile Spika anamwona. Hapo huruhusiwi kupita na ndoo. Mama alizoea kusema baba yenu anawasikiliza wale kuliko anavyomsikiliza padri, na hakuwa anatania sana.

Mdogo wangu alipiga simu Jumapili mchana, tuko mezani na ugali na sato. Alikuwa jeshini miaka kadhaa, kwa hiyo simu yake haikumshtua mtu. Akasema kikosi chao kimepangiwa safari, nchi ya jirani, upande wa magharibi, na kwamba wanaondoka wiki hiyohiyo. Mama akauliza kama huko kuna baridi. Baba akamwomba mama simu, akauliza, "Bunge limesema nini?"

Mdogo wangu akacheka mpaka tukamsikia sote. "Baba, mimi nimeambiwa nifunge begi."

Siku hiyo chakula kilipoa mezani tukifundishwa mihimili ya dola. Baba alitueleza kwamba Katiba inampa Rais uwezo wa kutangaza vita, lakini akishatangaza, lazima Bunge likutanishwe lijadili kama linamuunga mkono au halimuungi. Ndiyo maana, alisema, nchi haiwezi kuingia vitani kwa kichwa cha mtu mmoja. Nikamuuliza sasa mbona hatujasikia Bunge likikutanishwa. Akasema kwa kuwa hakuna vita iliyotangazwa, hakuna cha kujadili. Ni askari tu wanakwenda kulinda amani, kwa makubaliano na majirani. Halafu akaongeza, kwa sauti ya mtu anayejibishana na nafsi yake, kwamba hata makubaliano na nchi nyingine nayo kuna namna yanavyofikishwa bungeni yakaridhiwa. Alikuwa ameigeukia televisheni anaposema hivyo. Televisheni ilikuwa inatangaza sabuni.

Mama alikuwa anatoa miiba kwenye samaki wa baba, kama kawaida yake.

Mwanzo mambo hayakuwa mabaya. Mdogo wangu alipiga akipata mtandao, akatusimulia mvua za huko, akaulizia nani kaoa. Muda wao wa kurudi ulipofika, ukaongezwa. Alitupa habari hiyo kama mtu anayekuambia kivuko cha Kigongo kimechelewa, ngoja kingine. Baba akauliza nani kauongeza. Mdogo wangu akasema, "Wakubwa." Baba akauliza wakubwa gani. Simu ikakatika, au akaikata.

Kisha kambi yao ikashambuliwa. Sisi tulisikia kwenye redio ya nje kabla hatujasikia kwenye redio ya kwetu, na hilo nalo baba aliliona ni tusi la peke yake. Kutwa nzima hatukujua kama mtoto wetu yuko hai. Alipopiga, alisema mimi mzima, akataja wenzake wawili waliokuwa wanalala hema moja naye, akasema hao hapana. Tangu siku hiyo hakuulizia tena nani kaoa. Alimwambia mama amwombee, na mtoto yule hata Kipaimara alikwenda kwa kuburutwa. Mama akaacha kula vizuri. Nguo zake nilianza kuzipunguza upande mmoja na mwingine, kila nikipunguza zinampwaya tena.

Ndipo mama, aliyekuwa hajawahi kutaja Bunge ila kwa kulisema, alimwambia baba maneno yaliyotuingiza kwenye hadithi hii. "Wewe si unawajua wale wa kwenye televisheni? Waambie wamrudishe mtoto."

Aliyekuwa na njia ya kumfikia mbunge ni mimi. Nilishona sare za kina mama wa kikundi alichokuwa anakifadhili, nikawa fundi wa mkewe, na suti zake mwenyewe nilizipunguza kiuno kila baada ya mfungo wa Kwaresima, maana ni Mkatoliki wa kufunga kwelikweli. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisikia habari hizi hutegemea nimchore na pembe. Alikuwa mtoto wa wafugaji aliyefanya biashara ikamkubali, anasalimia wazee, anajua majina ya watoto wa jirani. Nilimwambia baba yangu anaomba kumwona, akaja Jumamosi bila msafara.

Baba alimkaribisha kwa namna ya kwao. Wahaya hawaanzi maongezi ya maana mgeni hajapewa kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na majani yake zikakaushwa na maganda yake, zinazoletwa kwenye kikapu kidogo kama kiota. Mgeni huchukua chache akatafuna, na wewe ukatafuna, ndipo mnasema. Anayekula kahawa yako si mtu wa kukuzunguka. Baba alikuwa ameagiza hiyo kahawa kutoka Kagera kwa ajili ya siku hiyo. Mbunge wetu, Msukuma wa watu, akachota konzi nzima, akashukuru sana, akaitia kwenye mfuko wa shati. "Nitawapelekea watoto," akasema.

Mama alikimbilia jikoni akacheke. Baba alifumba macho. Ikabidi nimnong'oneze mheshimiwa kwamba hiyo haibebwi, inaliwa hapahapa, naye akatoa punje moja akaiweka mdomoni na uso wa mtoto aliyepewa mwarobaini. Akatafuna mpaka mwisho, sikatai. Nilimpenda kwa hilo.

Baba akamwambia anachotaka kiulizwe. Ni nani aliyewatuma wale askari, na kwa idhini ya nani. Watakaa huko mpaka lini. Na muda wao ukiongezwa, Bunge litaulizwa au litasikia redioni kama sisi.

"Mwalimu," mbunge akasema, "mambo ya nchi za nje na ya ulinzi ni ya Serikali. Yale ya juu kabisa. Sisi pale tunapitisha bajeti."

"Na hiyo bajeti inanunua nini? Si ndiyo inanunua hizo buti na hizo risasi?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi anayetoa chakula ana haki ya kuuliza wageni ni wangapi."

Mbunge akacheka, baba hakucheka. Mama alikuwa amerudi, amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Mbunge alimtazama mama muda kidogo, na nadhani ni mama aliyemshinda, si hoja. Akasema, "Nitauliza, mwalimu. Nimekula kahawa yako. Bunge likikaa, nitauliza."

Mdogo wangu alipopiga na kupewa habari hizo alikasirika. Sikutegemea. "Mwambie baba aache," aliniambia. "Mimi sikuapa nikaweka sharti la kuuliza kwanza wabunge. Nikiambiwa twende, naenda. Wenzangu wakisikia mzee wangu anatafuta waheshimiwa, nitaonekana naogopa." Nikampa baba simu aseme mwenyewe. Baba akamsikiliza mpaka mwisho, akamjibu taratibu kabisa. "Kutii amri ni kazi yako, na uitii. Mimi si mwanajeshi. Kazi yangu mimi ni kuuliza hiyo amri ina mwenyewe au haina." Mdogo wangu akacheka kidogo. "Baba, wewe unafundisha mpaka kwenye simu." Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho nilichokisikia.

Siku ya swali letu, baba aliwahi kuoga. Majirani walijazana sebuleni, maana siri katika nyumba ya kupanga haina mwenyewe, na mama, kwa mara ya kwanza, alileta kigoda akakaa mbele pamoja na baba. Mbunge akasimama. Suti niliijua, ile ya kijivu, kiuno nilikikaza mimi. Akamshukuru Spika kwa kumpa nafasi. Kisha akauliza Serikali ina mpango gani na mitaro ya Mirongo, ambako maji yanaingia kwenye nyumba za wananchi kila mvua ikinyesha.

Tulingoja swali la nyongeza. Wanaofuatilia Bunge wanajua, mbunge akishajibiwa la kwanza hupewa nafasi ya kuongeza. Mama alinikamata mkono. Mbunge akasimama tena, akashukuru kwa majibu mazuri, akauliza hiyo mitaro itaanza kuchimbwa lini. Akakaa.

"Angalau mtaro wetu umesemwa," jirani mmoja akasema, naye alikuwa anafurahi kwa dhati, kwa kuwa nyumba yake huingia maji. Sikuweza hata kumchukia vizuri. Mama aliinuka na kigoda chake akaenda jikoni. Baba aliendelea kukaa pale mpaka kikao kikaahirishwa, akasema, "Labda kikao kijacho." Mimi ndiye niliyepandwa na hasira. Nilitaka apige kitu. Nilitaka aseme hata mara moja kwamba alidanganywa, na kwamba miaka yote ile alikuwa anawafundisha watoto wa watu mambo yaliyo kwenye karatasi tu. Akaendelea kusema labda.

Mbunge mwenyewe alikuja dukani kwangu siku za mwisho wa wiki, kuchukua nguo za mkewe, na nilijua nguo ni kisingizio. Alikaa kwenye benchi la wateja. "Dada," akasema, "tuliitwa na wakubwa. Tukaambiwa askari wako uwanjani, mbunge akianza kuuliza nani kawatuma ni kuwavunja moyo na kuwafurahisha maadui. Na hata ningeuliza ningejibiwa ni siri."

"Ungejibiwa ni siri, tungejua umenyimwa," nikamwambia. "Sasa hatujui hata kama kuna aliyeuliza."

"Nina jimbo zima, dada. Nikiwaudhi, mtaro haujengwi."

Sindano nilikuwa nayo mkononi na nilitamani kuitumia kwa kazi ambayo haikutengenezewa. Nikamkunjia nguo zake. Kuna methali tunaimba tangu shule ya msingi, kwamba fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi. Natamani wangepigana. Natamani kungekuwa na purukushani, Serikali inavuta huku, Bunge linavuta kule, meza zinagongwa, watu wanasusa kikao, na sisi nyasi tukanyagwe tukijua tunakanyagwa kwa sababu kuna mtu anabishana juu yetu. Kwetu fahali mmoja aliamua, wa pili akalala, na nyasi zikaumia vilevile.

Muda wao ukaongezwa tena. Safari hii hata redio haikutaja.

Walipokuja kutuambia, ilikuwa mchana, mama yuko uani anapepeta mchele wa Magu. Aliziona buti kwanza, chini ya pazia la mlango. Akaweka ungo chini polepole ili mchele usimwagike, akasema, "Msiseme." Wakasimama wamevua kofia zao, vijana wenye adabu, hawajui waangalie wapi. Hawakusema, kwa kuwa aliwakataza, na kwa muda mdogo wote walikuwa pale uani kama watu waliokosea nyumba. Baba alipotoka chumbani ndipo wakasema.

Bunge lilikuwa linakaa wiki ile. Lilipofika jambo la askari waliofariki, wabunge wote waliombwa wasimame, wakakaa kimya muda kidogo kuwakumbuka. Tuliona kwenye televisheni, nyumba imejaa waombolezaji. Na baba, na shati lake la kola, mtoto wake bado hajafika nyumbani, aliinuka akasimama pamoja nao. Alisimama mikono imenyooka pembeni mpaka walipokaa, naye akakaa. Kusimama kule sijamsamehe. Najua ni mazoea, najua ni adabu, na bado sijamsamehe.

Tulimzika Magu, kwenye kiwanja alichonunua baba na kupanda migomba ambayo udongo wa pale hauipendi. Baba alikuwa akisema mtu huzikwa ilipo migomba yake. Jeshi lilikuja na taratibu zake, jeneza na bendera, na mbunge alikuja akakaa mstari wa mbele chini ya turubai, kwenye viti vilivyovishwa vitambaa.

Kwa kina baba, yaani Wahaya, maiti haiteremshwi kaburini bila kusimuliwa. Aliyekuwa naye husimama akaeleza alivyougua, alivyopelekwa hospitali, neno gani alisema. Na kama mtu alikuwa ametumwa akafia huko alikotumwa, anayesimama ni yule aliyemtuma. Hata ukimtuma mtoto wa jirani chumvi akagongwa na gari, wewe ndiye unayesimama mbele ya wazazi wake ukasema, nilimtuma mimi, nilimtuma chumvi. Hufungwi wala hutozwi kitu. Unasema tu, watu wakusikie, ndipo udongo unaingia.

Afisa aliyekuja na mwili akasoma maneno machache na mazuri, kwamba marehemu alikuwa hodari, na kwamba alikufa akitekeleza wajibu. Baba akainuka. Alimshukuru afisa, akamwambia, "Wewe, mwanangu, umemleta. Mungu akubariki. Sasa namwomba aliyemtuma."

Afisa akatazama karatasi yake kana kwamba jibu lingekuwa upande wa pili. Baba akageukia mstari wa mbele.

"Mheshimiwa," akasema, "mwenye amri mimi simfikii. Mtu niliyempigia kura anayefika kule ni wewe. Simama utuambie."

Mbunge akasimama. Kijana wa vyombo akamletea kipaza sauti, naye akakisukuma pembeni kwa mkono, na huyu ni mtu ambaye sikuwahi kumwona akikataa kipaza sauti. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni. Alimtazama baba, akatazama jeneza, na naamini alichosema kilikuwa ukweli mtupu, pengine ukweli wa kwanza tuliopewa tangu ile Jumapili ya samaki.

"Mwalimu," akasema, "mimi sikuulizwa."

Mnong'ono ukapita chini ya turubai. Baba alifungua mdomo, na mara hii darasa lilikuwa limemwishia. Mama ndiye aliyesema. Alikuwa ameshikwa na wanawake wawili, na tangu asubuhi hakuwa amezungumza na mtu yeyote.

"Hata mimi sikuulizwa, baba," akamwambia mbunge, kwa upole kabisa, kama anavyosema na mtoto wa mwenzake. "Na nilimzaa. Lakini mimi sikuwa na pa kusimama niulize. Wewe ulikuwa napo."

Mbunge akakaa. Baba alimtazama padri, padri akamtazama baba. Hakuna mwingine aliyeinuka. Baba akainamisha kichwa kuruhusu, askari wakashika kamba, na tukamzika mdogo wangu bila mtu yeyote kusema ni nani aliyemtuma.